"Nionyeshe Maji Yameishia Wapi": Kisa cha Nyumba Moja ya Arlington, Februari 2021

Kazi yangu ni kukausha nyumba za watu zilizoingiwa na maji. Naifanya Columbus, Ohio, na ndiyo sababu nilipigiwa simu mimi kwanza, kabla ya bima na kabla ya fundi bomba, siku dari ya dada yangu mkubwa ilipoanguka huko Arlington, Texas. Nilikuwa zaidi ya kilomita 1,400 kutoka kwao, barabara zimeganda, ndege nyingi za Dallas zimefutwa. Nisingeweza kufika na mashine zangu. Nililoweza ni kuwasaidia kuchagua mtu, kwa simu ya video, katika wiki ambayo kila mwenye feni na pikapu kaskazini mwa Texas alikuwa mtaalamu wa kukausha nyumba.

Dada na shemeji wameniruhusu nikieleze kisa chote, pamoja na pale nilipokosea mimi. Kampuni zilizohusika sitazitaja majina.

Maji yalivyoingia

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 Februari 2021, saa 7:25, ERCOT, shirika linaloendesha gridi ya umeme ya sehemu kubwa ya Texas, lilianza kuamuru umeme ukatwe. Mitambo ilikuwa ikizimika kwa baridi huku kila nyumba ikitaka joto. Siku iliyofuata kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri.

Nyumba nyingi za kule hazikujengwa kwa baridi hiyo. Mabomba hupitishwa darini, juu ya jipsam, yakiwa yamefunikwa kidogo au hayakufunikwa kabisa. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba hupasuka. Lakini halivuji saa ile, maana barafu yenyewe imeuziba ufa. Huvuja barafu ikiyeyuka, yaani siku ambayo watu wanadhani balaa limekwisha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada. Umeme ulirudi Jumatano jioni, hita ikawaka, watoto wakalala bila makoti kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri dari ya korido ikashuka chini na pamba yote ya glasi ya kuhifadhi joto iliyokuwa juu yake. Shemeji alijua valvu kuu iko ndani ya kisanduku karibu na barabara, kando ya mita. Hakujua kwamba kisanduku kimefukiwa na theluji wala kwamba valvu hufungwa kwa ufunguo maalumu. Dakika 40 zilipita. Hata kama ufa ule ulitoa lita 15 tu kwa dakika, hizo ni lita 600, na hazikukaa zote koridoni.

Nilipoiona nyumba kwenye simu, korido ilikuwa na maji ya kukanyaga, chumba cha watoto kapeti inatoa maji ukiibonyeza, sebule imelowa ukingo mmoja. Jikoni palionekana pakavu. Nikamwambia dada kwa kinywa changu, "Jikoni kumesalimika, shughulikieni huku." Neno hilo nitalirudia.

Ukuta wenye tumbo

Mama yetu alikuwa akiishi nao mwaka ule. Alisema lile ambalo mama yeyote wa Mombasa angelisema: "Fungueni madirisha wanangu, mazulia yatoeni nje, jua litamaliza kazi." Na kwetu Kisauni angekuwa na haki. Ukuta wa mawe na saruji hauna tumbo. Maji yakiingia unayasukuma nje kwa fagio, unapiga deki, unaacha upepo wa bahari upite, na baada ya siku kadhaa chumba kinakalika.

Ukuta wa Arlington una tumbo. Ni nguzo za mbao, pamba ya glasi katikati, na mabao ya jipsam yaliyovikwa karatasi. Maji yakishuka kutoka darini huingia mle, hutuama juu ya ubao wa chini unaobeba nguzo, na hakuna jua linalofika huko. Kwa nje rangi inaweza kuonekana safi kabisa. Karatasi ya jipsam ni chakula cha kuvu, na EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, hushauri vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili kuvu isipate nafasi ya kuota.

Mama alifundisha hesabu shule ya msingi, kwa hiyo nilimjibu kwa hesabu. Chumba cha watoto kina mita 4 kwa 4, kimo mita 2.5: mita za ujazo 40. Hewa yenye joto la nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo hewa ya chumba kizima, hata ikijaa pomoni, haibebi gramu 700. Hiyo ni chini ya lita moja, na kapeti pamoja na sponji iliyo chini yake vilikuwa vimekunywa ndoo kadhaa. Ukiwasha feni tupu katika chumba hicho, hewa hushiba upesi. Unyevu unaobaki hutafuta pa kwenda: dari, nguo za kabatini, kuta za chumba cha pili ambacho hakikuwa kimelowa.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo feni inahamisha, haitoi."

Sijawahi kusikia mtu wa kazi yangu akilisema jambo hilo vizuri hivyo. Kinachotoa ni mashine ya kufyonza unyevu: inaivuta hewa yenye mvuke, inaugeuza mvuke kuwa maji, inayamwaga kwenye bomba. Mashine kubwa ya kazi hizi inaweza kutoa lita 50 na zaidi kwa siku hali ikiwa nzuri. Feni kazi yake ni kuutoa unyevu ndani ya mbao na kuukabidhi kwa hewa, ili mashine iuchukue. Moja bila nyingine haifai.

Walichofanya kabla ya mtu yeyote kuja

Hili nalipitia haraka. Walikata umeme wa korido na chumba cha watoto kwenye kisanduku cha umeme. Walipiga picha na video kila mahali kabla ya kusogeza chochote. Walinyonya maji ya sakafuni kwa mashine ya kuazima, wakaivua sponji ya chini ya kapeti, wakahifadhi kipande cha kapeti na cha sponji kwa ajili ya mkadiriaji wa bima. Vifusi vya dari niliwaambia wasivifagie vikiwa vikavu. Wavilowanishe, wavifunike nailoni, waviache. Nyumba ilijengwa 1979, dari ilikuwa ya ile rangi ya kukwaruza yenye chembechembe, na dari za umri huo zinaweza kuwa na asbestosi.

Wanne waliotaka kazi

Texas haimpi leseni ya jimbo mkandarasi wa jumla wala mtu wa kukausha nyumba. Fundi bomba anayo, fundi umeme anayo, anayeondoa kuvu anayo. Mtu wa kukausha anaweza kuwa na miaka ishirini kazini au akawa amenunua feni jana, na serikali haitakusaidia kuwatofautisha. Kinachotambulika ni vyeti vya IICRC, taasisi iliyoanzishwa 1972 ambayo kozi zake na mwongozo wake uitwao S500 ndio msingi wa kazi hii Marekani. Kuna cheti cha fundi wa maji, WRT, na cha juu yake cha kukausha majengo, ASD. Mimi ninavyo vyote viwili. Jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya IICRC ukaona kama cheti chake ni hai.

Lakini vyeti vya WRT na ASD ni vya mtu, na anayekuja nyumbani kwako huenda si yule mwenye cheti. Kwa hiyo nilimpa shemeji maswali mawili ya kumwuliza kila atakayepita mlangoni, kabla ya bei. La kwanza: nionyeshe maji yameishia wapi. La pili: utajuaje kwamba pamekauka?

Wa kwanza hakuitwa. Aligonga mlango Alhamisi saa tano asubuhi, gari lina namba za jimbo jingine, feni nne nyuma. Kijana mwenye adabu sana, na sitaki kumdhania kuwa mwizi. Alisema kazi inaanza sasa hivi, bima italipa yote, na hata lile fungu la kwanza ambalo mwenye nyumba hubeba mwenyewe kabla ya bima kutoa chake, kampuni yao italisamehe. Kilichotakiwa ni sahihi kwenye tableti. Watoto walikuwa wanatetemeka, dada ametoka zamu ya usiku hospitalini. Shemeji aliniambia baadaye kwamba kidole chake kilikuwa kimeshaelekea kwenye kioo.

"Shemeji, muulize maji yameishia wapi."

Kijana akanyoosha kidole kwenye alama ya maji juu ya kapeti.

"Muulize atajuaje kwamba pamekauka."

"Siku tatu," akajibu. "Huwa ni siku tatu."

Nikaomba picha za mkataba. Ukurasa wa pili ulisema mwenye nyumba anaihamishia kampuni haki yake ya malipo ya bima, na anaipa kazi zote za ukarabati zitakazofuata. Bei haikuandikwa popote. Ukitia sahihi maneno ya namna hiyo, ugomvi wa bei unakuwa kati ya kampuni na bima, na wewe unakaa pembeni ya nyumba yako mwenyewe. Na kuhusu lile fungu la kwanza: tangu tarehe 1 Septemba 2019 sheria ya Texas inamkataza mkandarasi kulisamehe au kulifidia kwa mlango wa nyuma. Mtu anayeanza kwa kukuingiza katika kosa ambalo jina lako limo, sina haja ya kuona mashine zake. Shemeji alimshukuru, akamfungia mlango taratibu.

Wa pili alitoka katika orodha ya bima. Shemeji aliamini ni lazima amchukue huyo. Si lazima, orodha ile ni pendekezo, na mwenye nyumba ana haki ya kujichagulia mkandarasi. Kampuni yenyewe ilikuwa nzuri, ina vyeti, na aliyepokea simu alijibu maswali yote mawili sawasawa. Kisha akasema ukweli: nafasi ya karibu ni baada ya siku tisa. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini mkataba wa bima wenyewe unamtaka mwenye nyumba azuie hasara isiongezeke, na siku tisa za ukuta uliolowa ni hasara inayoongezeka kila saa. Tuliiandikia bima barua pepe fupi: mtu wenu anaweza tarehe 27, sisi tunatafuta mwingine leo, picha hizi hapa. Barua pepe ile ilikuja kuwa na thamani kubwa.

Wa tatu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, kwa sababu ni kijana wetu. Mtu wa Likoni, hodari wa mbao na vigae, amewajengea nusu ya jamaa zetu wa Dallas mabafu na jikoni. Alikuja bila kuitisha senti, na mkewe amepika pilau. Mama alimpenda hapo hapo, na mimi pia. Akaniuliza, "Kaka, nikate jipsam futi nne kwenda juu, nyumba nzima, tupulize feni?"

Unamwambiaje hapana mtu aliyevuka mji ulioganda kuja kukusaidia? Nilimpigia yeye mwenyewe, sikupitisha ujumbe kwa shemeji. Nikamwambia, "Kaka, nina imani na mkono wako. Lakini hatujui ni wapi pa kukata, na dari hii huenda ina asbestosi. Tukikata kila mahali tutakata hata kuta nzima, na tutabaki na nguzo zilizolowa ambazo hakuna aliyezipima. Kazi yako inakuja, na ni kubwa kuliko hii. Nisaidie kusubiri." Alinyamaza. Kisha akauliza, "Hicho cha kupimia kinauzwa wapi?" Nikajua hakukasirika.

Wa nne alipatikana Ijumaa mchana kupitia nesi mwenzake dada. Kampuni ndogo ya palepale kaunti ya Tarrant, inaendeshwa na mama mmoja wa makamo na mafundi wawili. Alifika saa kumi na mbili jioni, amechoka, viatu vimelowa. Shemeji alikuwa ameshika simu, kamera wazi, amejiandaa kwa swali la kwanza.

Hakuwahi kuliuliza. Yule mama aliipita korido, akakipita chumba cha watoto, akauliza, "Chumba gani hakikuguswa na maji kabisa?" Wakampeleka chumbani kwa dada. Akapiga magoti, akachomeka sindano mbili ndefu za kipima unyevu ukutani, juu kidogo ya skatingi, kile kibao kinachozunguka ukuta kwa chini, hadi zikaugusa ubao unaobeba nguzo. Akasoma: 9, yaani asilimia 9 ya unyevu katika mbao. Akaandika kwenye daftari.

Hapo nilimwambia shemeji, "Huyu."

Kwa nini chumba kikavu? Kwa sababu mbao za kila nyumba zina ukavu wake, kutegemea mji, majira na hita. Fundi asiyejua ukavu wa nyumba hii ni kiasi gani hawezi kusema lini tumefika. Ile 9 ilikuwa jibu la swali la pili, limetolewa kabla halijaulizwa.

Kisha akaanza kuyafuata maji. Korido: 31. Chumba cha watoto: 28 upande wa korido, 14 upande wa dirisha. Sebule ilikuwa nafuu. Halafu akaingia jikoni, penye sakafu kavu, pale nilipokuwa nimesema kumesalimika. Akaelekeza kamera ya joto kwenye ukuta nyuma ya makabati. Doa la ubaridi lilikuwa limetambaa karibu mita mbili kupita mwisho wa alama ya kapeti. Akachomeka sindano: 24.

Mimi mwenye vyeti viwili nilikuwa nimewaambia jikoni ni salama. Nililisema kwa macho, kupitia kioo cha simu, na wao wakaniamini kwa sababu ni ndugu yao na ndiyo kazi yangu. Lau wangemkosa mama yule, kosa langu lingefungiwa nyuma ya makabati pamoja na maji.

Aliyoyasema kabla ya sahihi

Alisema ana mashine moja tu ya kufyonza iliyo huru. Nyingine zote ziko kwenye nyumba za watu. Nyumba hii inahitaji mbili. Akawapa jina la aina ya mashine na kuwaambia waikodi katika duka la vifaa vya ujenzi, na gharama waiingize kwenye madai ya bima. Mfanyabiashara aliyetaka tu kazi angenyamaza akaleta moja.

Alisema hatawasha feni hata moja usiku ule. Angechukua vipande vya dari, avipeleke maabara kesho asubuhi, na mpaka majibu yatoke angewasha mashine ya kufyonza peke yake, kwa sababu asbestosi ikiwepo feni itaisambaza mpaka kwenye mito ya watoto. Nilifikiria zile feni nne za Alhamisi.

Alitoa karatasi ya bima ya dhima ya kampuni yake, yaani ya kulipia hasara watakayomsababishia mtu, pamoja na ya mafundi wake. Hiyo ya mafundi iulizwe waziwazi: Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuwakatia wafanyakazi bima ya ajali kazini. Mkataba wake ulikuwa kurasa mbili, wa kukausha tu, bei ya kila mashine kwa siku imeandikwa, na ukarabati haukutajwa. Dada alisoma kila mstari kwa sauti. Wakatia sahihi saa mbili usiku.

Siku sita

Majibu ya maabara yalitoka Jumamosi mchana: hakuna asbestosi. Skatingi zikang'olewa, jipsam ya korido ikakatwa futi mbili kutoka chini, ya chumba cha watoto ukuta mmoja tu, kwingine wakatoboa matundu madogo nyuma ya skatingi na kupuliza humo. Milango ya vyumba vikavu ikazibwa kwa nailoni. Feni saba, mashine mbili za kufyonza, kelele usiku na mchana. Familia nzima ililala chumbani kwa dada.

Kila siku fundi alikuja, akachomeka sindano kwenye matundu yaleyale, akaandika joto la hewa, unyevu wa hewa na namba ya kila sehemu. Lengo lilikuwa limeandikwa juu ya karatasi: 12 au chini. Korido ilishuka kutoka 31 hadi 22, hadi 17. Jikoni iligoma. Jumapili 23. Jumatatu 22. Jumanne 22.

Hapa ndipo niliposhusha pumzi kabisa kuhusu uchaguzi wetu. Namba ikikwama, njia rahisi ni kuongeza siku, kwa kuwa kila siku mashine inalipiwa. Yeye alisema ukuta ambao haushuki kwa siku tatu una maji mahali ambapo hewa haijafika. Akavua ubao wa chini wa makabati. Kulikuwa na maji yametuama chini yake, kimya, siku tano tangu dari ianguke. Yakanyonywa, mrija wa hewa ukaingizwa humo. Jumatano 16. Alhamisi tarehe 25, 11.

Mkadiriaji wa bima alipiga simu ya video wiki iliyofuata. Akasema wao kwa kawaida hulipa siku tatu za mashine. Shemeji hakubishana. Alimtumia karatasi sita za vipimo, picha ya maji chini ya makabati, na ile barua pepe ya tarehe 18. Bili ya kukausha ilikuwa dola 5,140. Bima ililipa siku zote sita, ikakata lile fungu la mwenye nyumba, dola 2,500, ambalo shemeji alilibeba mwenyewe kama mkataba unavyosema.

Jirani wa ng'ambo ya barabara alimsaini kijana wa Alhamisi. Feni nne, siku tatu, wakaondoka. Mwezi wa nne harufu ikaanza, na nyuma ya skatingi mlikuwa na kuvu nyeusi, pana kuliko mlango. Texas, kuvu iliyoungana ikifika futi za mraba 25, kuiondoa kunataka mwenye leseni, na anayepima haruhusiwi kuwa ndiye anayeondoa katika kazi ileile. Kwa hiyo alilipa watu wawili, na jipsam mara ya pili. Ni mzee wa watu, anaishi peke yake. Mpaka leo najilaumu kwamba tulipoiona ile pikapu ikivuka barabara kwenda kwake, hakuna aliyekwenda kumgongea.

Alhamisi ile ya tarehe 25, kabla ya kuchomoa mashine, yule mama alirudi kwanza chumbani kwa dada, akatumia matundu yale mawili ya Ijumaa. 9. Korido 10, jikoni 11. Akamwomba dada asome mwenyewe na kutia sahihi, akamwachia nakala. Mashine zikazimwa, na Mama anasema alishtuka kusikia friji.

Jumatatu tarehe 1 Machi kijana wa Likoni alikuja na mabao ya jipsam, na kazi yake ilikuwa kubwa kama nilivyomwahidi: dari ya korido, kuta, skatingi, makabati. Kabla ya kuufunga ukuta wa jikoni alinipigia video. Alikuwa amenunua kipima unyevu, kile kidogo cha dola 40, na alitaka nimwonyeshe namna ya kukisoma. Nikafungua kinywa nimwelekeze jikoni, lakini alishaanza kutembea. Alikwenda chumbani kwa dada, akapiga magoti, akachomeka sindano ukutani.

"Tisa, kaka," akasema. "Sasa twende jikoni."